Saba kwa mwendo wa mmoja: kisa cha familia ya Mombasa iliyokwenda Lisbon na mashamba ya Alentejo

## Usuli

Safari hii ilifanyika Agosti 2024. Familia imeridhia iandikwe. Nimeondoa majina, mtaa na kazi za wahusika, isipokuwa kazi ya mmoja: bila kujua kwamba Ami ni mwalimu wa historia, nusu ya maamuzi yatakayofuata hayataeleweka.

Walikuwa watu saba. Nyanya, aliyevuka miaka sabini, ana magoti yanayomruhusu kupanda ngazi kisha yanamwadhibu anapozishuka. Baba ni mwanawe wa kwanza na ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya gharama. Mama. Ami, mdogo wake Baba. Halafu watoto watatu: mvulana wa miaka 9, dada yake wa miaka 4, na binti wa miaka 14 ambaye si wao wa kumzaa. Huyu ni mtoto wa dada yake Mama na anakaa nao kwa ajili ya shule. Babake yuko Muscat kikazi, mamake yuko Lamu. Hilo la Muscat na Lamu tutalirudia.

Wazo lilianza kwa Ami. Kila mwaka anawapeleka wanafunzi Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na Waomani wakaitwaa 1698, na kwa miaka alikuwa akisema anataka kuona zile meli za Wareno zilitoka wapi. Mama naye alikuwa na picha yake ya Ulaya, na picha hiyo ilikuwa na Paris ndani yake. Baba alitaka jambo moja tu: mamake asafiri angali anaweza. Nyanya hakuwahi kutoka Afrika Mashariki ila kwenda Hijja, na kila alipoulizwa kuhusu magoti alikuwa na jibu moja: "Nimetufu na magoti haya haya," yaani ameizunguka Kaaba nayo.

Wakati haukuwa na mjadala. Watoto walifunga shule mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo safari ingeangukia mwezi wenye joto na watu wengi kuliko yote kusini mwa Ulaya. Mimi niliitwa kusaidia ratiba na bajeti baada ya kikao chao cha kwanza, na karatasi niliyokabidhiwa ilikuwa na Paris, Roma na Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ndani ya usiku kumi.

## Nchi tatu zinakuwa moja

Hoja iliyoiangusha ile karatasi haikuwa pesa. Ilikuwa mizigo. Watu saba wanapohama mji, siku haibaki siku: kufunga mabegi, kutoka kwenye fleti kabla ya saa tano, kukaa na mabegi mahali fulani mpaka ndege au treni, kufika, kungoja ufunguo, kutafuta chakula cha mtoto. Kwa uchache ni nusu siku, na kwa Nyanya ni siku nzima pamoja na ya kesho yake. Kuhama mara mbili kungekula siku nne katika kumi.

Kulikuwa pia na suala la viza. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Ratiba ya nchi tatu zilizogawana usiku kumi hufungua maswali ambayo afisa wa viza ana haki ya kuyauliza na familia haina haja ya kuyajibu.

Ikabaki kuchagua nchi moja, nayo ikawa Ureno. Mama aliacha Paris kwa sharti: apate kasri moja la kupigia picha, na watoto wapate shamba. Sharti la pili ndilo lililoleta Alentejo, tambarare ya mashariki mwa Lisbon yenye mialoni ya magome (yale ya kutengenezea vizibo), mizeituni na nyumba nyeupe zenye mistari ya buluu. Tukaandika usiku saba Lisbon na usiku tatu karibu na Évora, mji wa Alentejo. Hakuna aliyeuliza kwa nini saba na tatu. Mji ulichukuliwa kuwa safari yenyewe, shamba likawa nyongeza.

## Viza: faili lililoanza mwisho

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Watu sita walikuwa na nyaraka za kawaida: pasipoti itakayodumu angalau miezi 3 baada ya kutoka Ulaya, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, uthibitisho wa malazi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Walipanda treni ya Mombasa hadi Nairobi mwezi Mei, wakatoa alama za vidole (watoto walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi), wakarudi. Wakubwa walilipa euro 80 kila mmoja, mvulana 40, na mdogo hakulipa kitu kwa sababu ada huanza miaka 6. Juu ya hapo kulikuwa na gharama za kituo kinachopokea maombi.

Binti wa miaka 14 hakuwamo katika safari hiyo ya Mei. Mtoto asiyesafiri na wazazi wake anahitaji ridhaa yao ya maandishi, na ya binti huyu ilipaswa kutoka sehemu mbili. Mamake alisaini Lamu mbele ya wakili ndani ya wiki. Babake aliandika barua nzuri sana kwa mkono, akaipiga picha akaituma kwa simu. Barua ya namna hiyo haikufaa. Ilitakiwa iliyoshuhudiwa rasmi, nakala halisi. Muda wa kupata ruhusa kazini, kushuhudiwa, na kumpata mtu wa kuaminika anayerudi Mombasa ulikula wiki tano.

Katika wiki hizo tano mambo mawili yalitokea nje ya uwezo wao. Tarehe 11 Juni ada ya viza ilipanda: wakubwa kutoka euro 80 hadi 90, watoto wa miaka 6 hadi chini ya 12 kutoka 40 hadi 45. Binti, kwa kuwa amevuka 12, alilipa 90. Hilo halikuumiza mtu. La pili liliwapa Baba na Mama usiku kadhaa wa kukesha: miadi yake ya Nairobi iliangukia wiki ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, yale ya 25 Juni yaliyofika hadi Bungeni. Katikati ya mji hapakupitika. Miadi ikasogezwa hadi Julai, wakati maombi ni mengi.

Hapo Baba alikuwa na uamuzi mgumu. Viza sita zilikuwa mkononi na bei ya tiketi ilikuwa ikipanda. Angenunua saba na kumuombea binti? Angesubiri wote? Alinunua sita za aina inayoruhusu kubadilisha tarehe kwa malipo kidogo, akaiacha ya saba. Sababu yake ilikuwa kwamba viza ikikataliwa, tiketi ya binti ingekuwa hasara kamili; ikikubaliwa, atalipa zaidi kwa tiketi moja tu. Viza ya binti ilitoka Alhamisi, ndege ilikuwa Jumanne. Tiketi yake ilipatikana katika ndege ile ile ya kupitia Istanbul, kiti cha nyuma kabisa, kwa bei ambayo Baba hadi leo haitaji mbele ya mkewe.

## Mlango wa fleti

Kuhusu malazi ya Lisbon kulikuwa na mvutano kati ya uzuri na magoti. Fleti iliyopendwa na wote kwenye picha ilikuwa Alfama, mtaa wa kale uliosalimika kwenye tetemeko la 1 Novemba 1755 lililobomoa sehemu kubwa ya mji. Alfama ni vichochoro na ngazi. Ukiwa Mswahili utauzoea haraka, maana nyumba zimesogeleana kama Mji wa Kale wa Mombasa. Tofauti ni kwamba Mji wa Kale wa Mombasa haukujengwa juu ya mlima.

Tuliamua kuuliza kila mwenye nyumba swali moja kwa maandishi: kutoka barabarani ambapo gari linaweza kusimama hadi kwenye kitanda cha mgeni, kuna vidato vingapi? Majibu yalifundisha mengi. Mmoja alijibu "vichache" na akaondolewa hapo hapo. Mwingine alikuwa na lifti, ndiyo, lakini lifti yenyewe ilianzia ghorofa ya kwanza, na kuifikia ni vidato kumi na vinane. Fleti ya Alfama ilikuwa ghorofa ya nne bila lifti.

Iliyochaguliwa ilikuwa karibu na Martim Moniz, chini bondeni, lifti kutoka mlangoni, kituo cha metro hatua chache. Haikuwa na mandhari yoyote, dirisha lilitazama ukuta. Faida ambayo hatukuitilia maanani vya kutosha wakati wa kuchagua ilikuwa jirani: Rua do Benformoso, barabara ya Wabangladeshi, yenye mabucha ya nyama halali na mikahawa ya pilau. Kwa familia ya watu saba inayopika usiku, bucha la hatua mia mbili linashinda mandhari ya mto.

## Siku za mjini

Walifika Jumatano, 7 Agosti. Kwa upande wa saa hapakuwa na taabu, Lisbon iko nyuma ya Mombasa kwa saa mbili tu wakati huo wa mwaka. Kilichowavuruga ni jua. Magharibi ilikuwa ikiingia saa 2:40 usiku. Watoto waliozoea giza la saa kumi na mbili unusu jioni walikataa kulala nje kukiwa kweupe, na wakubwa waliongoja Isha wakalala saa tano. Asubuhi ikawa haianzi. Ratiba ya Ami iliyosema "saa 2:00 asubuhi, kutoka" haikutekelezwa hata siku moja mjini. Nyanya alikuwa na lake: amesali miaka yote akielekea kaskazini, kwani kutoka Mombasa Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja, na sasa anaambiwa mashariki. Alimtaka Ami alithibitishe kwa dira mara tatu.

Siku mbili za kwanza waliutembea mji kwa miguu kama ratiba ilivyotaka. Baixa, mtaa wa chini uliopangwa upya kwa mistari iliyonyooka baada ya tetemeko, ulikwenda vizuri. Kupanda kuelekea ngome ya São Jorge hakukwenda vizuri. Njia za Lisbon zimetandazwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa, vimesuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa, na kwenye mteremko vinateleza hata vikiwa vikavu. Nyanya alipanda bila kulalamika. Kushuka alishuka akimshika Baba bega, hatua moja, pumzi, hatua moja. Walitumia dakika arobaini kwa njia ambayo binti na Ami waliishuka kwa kumi. Usiku huo magoti yalivimba.

Tramu namba 28, ile ya kwenye kadi za posta, ilikuwa na foleni iliyozunguka kona pale Martim Moniz. Dereva mmoja wa teksi aliwaambia wapande namba 12, inayopita sehemu ile ile ya Alfama na watu wake ni wachache. Walikaa wote saba. Kwa Nyanya hii ndiyo ikawa Alfama yake: kupitia dirishani, nguo zilizoanikwa zikikaribia kumgusa uso.

Ijumaa walikwenda Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985 karibu na Praça de Espanha. Waislamu wengi walioijenga jumuiya ile walitoka Msumbiji baada ya uhuru wa 1975, na Nyanya alijikuta amekaa na mwanamke wa makamo yake kutoka huko. Lugha haikuwapo kati yao, lakini walifahamiana kwa salamu na kwa kuonyeshana magoti. Ni mwanamke huyo aliyemtoa Nyanya kwenye ngazi na kumpeleka njia ya lifti.

Jumamosi familia iligawanyika kwa mara ya kwanza. Mama, Ami na watoto walipanda treni ya kutoka Rossio kwenda Sintra, mwendo wa dakika kama arobaini, kwa ajili ya kasri la Pena alilolitaka Mama. Baba alibaki na mamake. Tiketi ya Pena ina saa yake ya kuingia ndani, na kutoka lango la bustani hadi mlango wa kasri ni kama nusu saa ya kupanda. Foleni ya basi kutoka stesheni ilikula muda wao wote wa akiba. Ami alipanda kilima akiwa na mtoto wa miaka minne mgongoni, wakafika zikiwa zimebaki dakika chache. Mama alipata picha zake katikati ya ukungu, maana Sintra ina hali yake ya hewa. Huku mjini, Nyanya na mwanawe walikaa kwenye benchi kando ya mto Tagus, wakala samaki wa kuchoma, wakarudi kulala mchana. Baba alinieleza baadaye kwamba hakumbuki mara ya mwisho alipokaa na mamake saa tatu bila simu kulia.

Kisha ikaja Jumatatu. Ami alikuwa ameipangia Belém, mtaa wa Lisbon: monasteri ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500 na ndani yake mna kaburi la Vasco da Gama. Mwanamume aliyewapeleka wanafunzi kwenye nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi mara nyingi alikuwa anakwenda kulifunga duara. Jerónimos hufungwa Jumatatu. Walilikuta lango limefungwa, teksi mbili zimeshaondoka (teksi ya kawaida hubeba wanne, kwa hiyo saba ni mbili kila wakati), na jua likiwa la saa sita. Watoto walikimbia juu ya ramani ya dunia iliyotandazwa kwa mawe chini ya mnara wa mabaharia, wakivuka kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Bara Hindi huku Nyanya akiwa kivulini. Ami hakusema neno.

## Dhahabu ya Kilwa

Jumanne ilikuwa siku yao ya mwisho mjini, na hapakuwa na nafasi ya kurudi Belém na pia kwenda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale kwenye Janelas Verdes. Ami alitakiwa achague. Alichagua makumbusho, na sababu yake ilikuwa chombo kimoja.

Kinaitwa Custódia de Belém, chombo cha ibada ya kanisa, kilichokamilishwa 1506 na mfua dhahabu Gil Vicente kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza. Kimo chake hakifiki mita moja. Katikati kuna kioo cha duara, kukizunguka wamepiga magoti mitume kumi na wawili, wadogo kama vidole, kila mmoja na nguo zake zimetiwa rangi. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Vasco da Gama alifika huko 1502 na meli zenye mizinga, akamlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa huko, akubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno, na dhahabu hiyo akarudi nayo 1503. Miaka miwili baadaye meli nyingine za Wareno ziliipora Kilwa na kuichoma Mombasa.

Ami aliyaeleza haya kwa sauti ya chini mbele ya kabati la kioo. Mvulana aliuliza ni kilo ngapi. Nyanya alikiangalia muda mrefu, akakizunguka upande wa nyuma, kisha akauliza: "Na risiti waliwaandikia?" Mlinzi aligeuka kwa kicheko cha Mama.

Jengo lile lina lifti na viti, na nyuma kuna bustani inayotazama mto. Walikaa saa nne. Ndiyo siku ndefu kuliko zote aliyoimaliza Nyanya bila kumeza dawa ya maumivu.

## Alentejo

Ami alitaka kuendesha gari mwenyewe. Alikwisha chukua leseni ya kimataifa Mombasa. Baba alikataa. Ureno huendeshwa upande wa kulia, barabara kuu zina tozo zinazokatwa kwa mitambo, na mtoto aliye chini ya miaka 12 na sentimita 135 lazima awe na kiti chake, kwa hiyo viti viwili. Walikodi gari kubwa lenye dereva kwa ajili ya kwenda, kurudi, na asubuhi mbili za matembezi. Bei ilizidi ya kukodi gari peke yake kwa mbali. Ugomvi wa ndugu wawili juu ya jambo hili ulidumu kuliko safari.

Évora iko kilomita kama 130 mashariki ya Lisbon. Nyumba ya shamba ilikuwa ya ghorofa moja, kuta nene zilizopakwa chokaa, baraza lenye kivuli cha mzabibu, na hakuna kidato hata kimoja. Joto lilikuwa la kweli. Huu ni mkoa ambao mwaka 2003 ulipimwa nyuzi zaidi ya 47, na ingawa wao hawakufikia huko, saa nane mchana hapakuwa na kiumbe nje. Mwenye shamba alikuwa ameandika onyo hilo kwa barua pepe, na ratiba ya huku ilitengenezwa kwa kulifuata: kutoka saa moja asubuhi, kurudi saa tano, kufunga madirisha ya mbao, kulala, kutoka tena jua likianza kushuka. Ile desturi ya kuchelewa kulala iliyowatesa mjini hapa ikawa sawasawa na mahali.

Chakula kiliogopewa kuliko kilivyostahili. Alentejo ni nchi ya nguruwe, hilo ni kweli, na Évora hawakutafuta nyama kabisa. Walibeba kuku wa Benformoso waliogandishwa katika mfuko wa baridi. Hotelini mjini waliagiza samaki, pweza, na açorda, supu ya mkate, vitunguu saumu, dania nyingi, mafuta ya zeituni na yai, ambayo Nyanya aliiomba tena siku ya pili. Walichojifunza ni kuuliza kuhusu mafuta ya nguruwe kwenye vitafunio, na kurudisha mara moja mkate, zeituni na jibini vinavyowekwa mezani bila kuagizwa. Sheria ya Ureno hairuhusu kutozwa usichoagiza wala kukigusa, ila mtoto wa miaka minne hugusa kwanza.

Mjini Évora waliona hekalu la Kirumi la karne ya kwanza. Kwenye kanisa dogo la mifupa, ambalo kuta zake zimejengwa kwa mafuvu na mifupa ya watu, Ami alitafsiri maandishi ya mlangoni: sisi mifupa tuliopo hapa tunaingoja yenu. Nyanya alisema maiti haki yake ni kuzikwa, akakaa nje na watoto wadogo. Hakuna aliyemsihi. Tarehe 15 ilikuwa sikukuu ya kanisa na maduka mengi yalifungwa. Hili walikuwa wamelijua, na friji ilikuwa imejaa.

Lililowakaa watoto ni mialoni ya magome. Mti huu huchunwa gome mara ya kwanza ukiwa na miaka kama 25, kisha kila baada ya miaka 9, na wachunaji huandika kwa rangi nyeupe tarakimu ya mwisho ya mwaka kwenye shina. Karibu nusu ya magome ya vizibo duniani hutoka Ureno. Miti iliyochunwa wiki zile ilikuwa myekundu kama udongo wa Taita, na 4 mbichi juu yake. Mvulana alikuta mti wenye 8, akakaa chini, akahesabu vidole: ulichunwa 2018, utachunwa tena 2027. Baada ya hapo hakuna mti uliopita bila kuhesabiwa.

## Matokeo

Wote saba walirudi salama na kwa tarehe. Bajeti ilipitwa katika sehemu tatu: tiketi ya binti, gari la Alentejo, na teksi za Lisbon, ambazo fungu lake liliisha siku ya nne. Malazi, chakula na viza vilikaa ndani ya makadirio. Kodi ya wageni ya Lisbon wakati huo ilikuwa euro 2 kwa usiku kwa kila aliyefikisha miaka 13, mwisho usiku saba, yaani euro 70 kwa watu watano; mwezi uliofuata ikawa maradufu. Magoti ya Nyanya yalichukua wiki mbili kutulia. Ami hakuliona kaburi.

## Uchambuzi

Kukata nchi mbili ndiko kulikookoa safari, na faida yake ilionekana Jumatatu ya Belém: siku iliyoharibika katika mji unakokaa siku saba ni hasara ndogo. Katika Roma ya siku tatu ingekuwa theluthi.

Makosa ya viza yalikuwa ya mpangilio. Familia ilianza na mafaili mepesi kwa sababu yalikuwa tayari, na kuliacha zito lijitayarishe. Faili la mtoto asiye na wazazi wake safarini lilitakiwa kufunguliwa kwanza, mwezi Februari, dirisha la miezi 6 lilipofunguka. Maandamano hayangeweza kutabiriwa, lakini binti aliyepeleka maombi Mei hangekutana nayo. Uamuzi wa Baba wa kununua tiketi sita nauona sahihi hata baada ya kujua bei aliyolipa kwa ya saba.

Kuhusu magoti, familia ilifanya jambo la busara nusu. Kwenye nyumba walihesabu vidato. Kwenye matembezi hawakuhesabu kitu, na nadhani sababu ni lile jibu la Hijja. Nyanya hakuwa akisema uongo, alitufu kweli. Alitufu kwenye sakafu iliyo sawa. Swali la "utaweza kutembea?" humpa mzee nafasi moja tu ya heshima, ambayo ni kusema ndiyo. Lingeulizwa kwa namna nyingine, kwa mfano kumpitisha kwenye mteremko wa kwenda bandari ya zamani pale Mombasa na kumtazama akishuka, jibu lingekuja lenyewe miezi sita mapema.

Kugawanyika kwa Jumamosi kulichelewa. Mpaka siku ile hakuna aliyeona kwamba kubaki ni jambo linaloruhusiwa. Kila mmoja aliamini safari ya familia ni wote kuwa pamoja saa zote. Ratiba ingekuwa na mstari wa pili tangu siku ya kwanza, wa watakaobaki, uliopangwa vizuri kama ule wa watakaotoka, ile siku ya ngome ingekuwa ya watu wanne na tramu namba 12 ingekuwa ya wote.

Jumatatu iliyofungwa ni kosa la kawaida la mtu anayependa kitu. Ami alijua mwaka wa msingi wa monasteri na jina la mfalme, na hakuangalia siku za kufungua kwa sababu kwake mahali pale palikuwa wazi miaka yote. Ratiba ilitakiwa ipitiwe na asiyekuwa na hamu. Binti wa miaka 14, mwenye simu na subira, angeweza kuifanya kazi hiyo kwa nusu saa.

Mgao wa usiku saba na tatu ulikuwa kinyume cha familia hii. Shamba lililochukuliwa kama nyongeza ndilo lililokuwa na nyumba isiyo na ngazi, ratiba iliyofuata jua la mahali, na watoto waliopata la kufanya bila tiketi. Usiku tano na tano ungeondoa siku mbili za mjini ambazo kwa vyovyote zilitumika kupumzisha magoti. Ila nisiende mbali: shamba lilifanikiwa pia kwa sababu kuku, dereva na sikukuu vilipangwa mapema. Bila gari, katika joto lile, nyumba ile ile ingekuwa kifungo.

Limebaki suala la dereva. Baba anahesabu ndugu mmoja aliyelala njiani badala ya kuendesha, na viti vya watoto vilivyokuwamo tayari. Ami anahesabu euro, na anasema kwa pesa zile wangelipata usiku wa nne na siku ya kurudi Belém. Nimezipitia hesabu zao zote mbili na kila moja inajumlika.